Kamba Iliyonyimwa Maji

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti ukae vizuri, maana ninachotaka kukueleza kinaanza na harufu, na harufu haielezwi kwa haraka. Ni harufu ya kitambaa kizito cha pamba kilichofuliwa kwa maji ya bahari, kikakaushwa, kikakunjwa, kikasafiri kwenye lori kutoka Lindi kupitia Nanganga na Masasi, kisha kikafunguliwa kwetu Newala mwezi wa tisa, wakati majani ya mikorosho bado yana vumbi la dawa ya salfa na maua yake yananukia utamu mkali unaokwaruza koo. Chumvi, salfa na maua. Kwa muda mrefu niliamini kwamba hivyo ndivyo bahari inavyonukia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, na bahari yenyewe sikuwa nimeiona.

Najua utajiuliza tanga la chombo cha baharini lilifuata nini Newala, juu ya uwanda usio na hata kijito. Ngoja nieleze taratibu. Baba yangu alizaliwa palepale, lakini ujanani alishuka Lindi kutafuta kazi, akapokewa kwenye jahazi kubwa lililoitwa Mwanana. Usifikirie ngalawa. Mwanana lilikuwa na milingoti miwili, lilibeba mbao, saruji na chumvi, na lilikuwa na mabaharia kumi na mmoja. Kila mmoja wao alikuwa na kazi mbili, moja ya safarini na nyingine ya ufukweni. Aliyeshika usukani safarini ndiye aliyeziba nyufa za mbao jahazi lilipopandishwa nchi kavu. Mpishi ndiye aliyetengeneza kamba. Baba, safarini, alikuwa mtu wa kupanda juu kwenye foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Na ufukweni ndiye aliyekuwa mshona tanga. Tanga jipya lilipohitajika, alilileta nyumbani kulishona. Alisema hewa yetu ni kavu, uzi haukamati ukungu, na kiwanja cha mpira ni kipana kiasi cha kulitandaza lote bila kulikunja. Mama alisema sababu ya kweli ni ugali wa muhogo. Vyovyote ilivyokuwa, mtaa mzima ulimwita Baharia, na mimi nilitembea shuleni kifua mbele kama vile jahazi lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nyumba yetu.

Mwaka ule ninaousimulia, mabaharia walikuwa wamelipaka jahazi mafuta ya maganda ya korosho. Hiyo ilikuwa akili ya Baba. Sisi watu wa korosho tunayajua mafuta yale, meusi na mazito, yanavyounguza ngozi kama moto usio na mwali. Wadudu wanaotoboa mbao baharini hawayasogelei. Baba ndiye aliyewafundisha wenzake kuyatumia, na kila asubuhi aliwakumbusha wapake mikono mafuta ya nazi kwanza. Siku ya mwisho akajisahau yeye mwenyewe. Wenzake walimcheka hadi machozi, mtu wa Newala kuunguzwa na korosho! Lakini alipopanda kuja nyumbani, viganja vyote viwili vilikuwa vimebabuka, vimefungwa vitambaa hadi kwenye vifundo, na aliyemlisha wali ni Mama.

Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito. Nahodha wa Mwanana alikuwa mzee wa maneno machache, na kabla Baba hajaondoka Lindi alimwambia hivi: "Nimeona turubai la plastiki dukani. Nakusubiri wewe, lakini jahazi nalitia majini kwenye bamvua, maji yakijaa. Tanga lisipokuwa tayari, naweka turubai." Baba alilielewa neno lile lilivyo. Turubai halishonwi, linakatwa tu na kutobolewa. Chombo chenye turubai hakina haja ya mshona tanga, na mtu wa makamo mwenye mikono mibovu hapandi foromali. Kwa maneno mengine, tanga lisipopatikana, Baba hatakuwa tena mmoja wa wale kumi na mmoja.

Alimweleza Mama hayo mchana mmoja uani, mimi, Somoe, nikichambua mchicha, nikijifanya sisikii. Mama alikuwa fundi cherehani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaning'iniza mkasi shingoni kama alivyozoea.

"Mimi nashona sare za shule nzima," akasema. "Nitashindwa na nguo moja ya chombo?"

"Nguo moja, Mama Somoe, yenye ukubwa wa kiwanja."

"Basi nitaishonea kiwanjani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mama alimwita jirani yetu Mama Anjelina, mke wa katekista, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika mtaa wa pili, na wakaanza. Ningependa uwaone. Tanga la jahazi halipiti kwenye cherehani. Hushonwa kwa mkono, kwa sindano nene yenye ncha ya pembe tatu, na mshonaji huvaa kiganjani kipande cha ngozi cha kuisukumia sindano. Ngozi ya Baba ilikuwa kubwa kwa mkono wa Mama, akaifunga kwa utepe wa sare ya shule. Walikaa chini miguu wameinyoosha, kitambaa kimewafunika hadi kiunoni, wakisogea kidogokidogo kila siku kutoka goli moja kuelekea goli la pili. Baba alikaa kwenye kigoda pembeni, mikono yake iliyofungwa ameilaza magotini, akiwaelekeza. "Mshono mmoja, kidole kimoja. Usivute, lifuate tanga." Mama Anjelina hakumwacha apumzike. "Baba Somoe, sisi tunashona, wewe unasafiri. Umefika wapi, Kilwa?" Wavulana waliokosa kiwanja cha mpira walinung'unika kwa siku mbili, kisha wakaanza kuja kuangalia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitambaa kikikua namna ile.

Vipande viliposhonwa pamoja, ilibaki kamba. Sikiliza hapa kwa makini, kwa sababu jambo lote linaning'inia hapa. Tanga lina kamba nene inayoshonewa kwenye ukingo wake wote ili upepo usilipasue. Kitambaa kilikuwa kimeshafuliwa na mabaharia kule Lindi, kwa hiyo kilikuwa kimemaliza kurudi, yaani kusinyaa. Lakini kamba ilinunuliwa njiani, dukani Masasi, mpya kabisa, ya katani. Baba akasema, "Mama Somoe, hiyo kamba iloweke kwenye pipa mchana na usiku, ijae maji. Kisha ivutwe, ikauke ikiwa imevutwa. Ndipo uishone."

Sasa ujue maji yalikuwa nini kwetu wakati ule. Kisima chetu cha kuvunia maji ya mvua kilikuwa kimebaki na tope. Maji yaliteremkiwa bondeni, na anayeteremka alfajiri alirudi jua likiwa kali, ndoo moja kichwani. Maji ya kuoshea mchele ndiyo tuliyooshea vyombo, maji ya vyombo yakapewa mgomba. Mtoto aliyemwaga kikombe alichapwa zaidi kuliko aliyevunja kikombe. Na pipa moja lilikuwa ndoo kumi. Mama alilitazama lile pipa, akaitazama ile kamba, na mwili wake wote ukakataa. Akachukua kopo moja la maji na ufagio wa vijiti, akainyunyizia kamba huku na huku, kama mtu anayenyunyizia uwanja kabla ya kufagia. Ikawa nyeusi juu, ikanukia kama iliyolowa. Baba alipouliza, "Imelowa?" Mama akajibu, "Imelowa." Siku nyingine zote Baba angeipima kwa kuibonyeza. Lakini mikono yake ilikuwa ndani ya vitambaa. Akaamini, na kamba ikashonwa.

Mabaharia walikuja Jumatano, siku nane kabla ya bamvua, na lori la kuchukulia mzigo. Alikuja nahodha, serahangi ambaye ndiye mkuu wa mabaharia baada ya nahodha, na vijana wanne. Nilitegemea kuona majitu. Walikuwa watu wembamba, wamevaa sweta kwa sababu ya baridi yetu ya asubuhi, na walitembea miguu imetanuka kidogo kana kwamba Newala inaweza kuyumba. Watoto wakawafuata nyuma wakiwaiga. Tulipanga mstari kuwaamkia, "Shikamoo, shikamoo," na serahangi akaitikia kila mmoja wetu "Marahaba" moja moja, hakuruka mtu. Wakalizunguka tanga. Vijana wanne wakapiga magoti kila mmoja kwenye pembe yake, wakikagua mshono kwa ncha ya kidole, na nikamwona mmoja anamtazama Mama kwa heshima. Kisha nahodha akasema, "Liogesheni."

Hiyo ilikuwa desturi ya Mwanana, na Baba hakuwahi kutuambia kwa kuwa siku zote aliifanya akiwa Lindi. Tanga jipya halikubaliwi kavu. Ukingo wake mmoja hulowanishwa kabisa, kisha watu wanakaa kusubiri. Wakaomba pipa la maji. Pipa! Watu wa mtaa waliokuja kutazama wakaanza kunong'ona. Yale yalikuwa maji ya kaya tatu kwa siku mbili, na vijana wale wakayamwaga chini kwenye kiwanja cha mpira huku wakipiga soga. Bibi mmoja akafunika macho kwa ukingo wa kanga.

Tulisubiri kama muda wa kupika maharage. Kwanza ukingo ulitetemeka hapa na pale, kama ngozi ya ng'ombe inapotua nzi. Halafu kamba ikaanza kurudi. Ilirudi pole pole, bila kelele, na kila iliporudi iliukunja ukingo pamoja nayo, mpaka upande mzima wa tanga lililoshonwa kwa majuma mawili ukawa umejikunyata kama marinda ya sketi. Tanga la namna ile haliwezi kukamata upepo. Linaupapasa tu.

Nahodha hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alisema, "Jumanne asubuhi lori linaondoka hapa. Likiwa na tanga, vizuri. Lisipokuwa na tanga, turubai lipo dukani." Kisha akaenda kukaa kwenye ngazi ya lori. Baba aliyatazama yale marinda, halafu mikono yake, halafu yale marinda tena.

Mama angeweza kunyamaza. Wote wangedhani ni Baba aliyekosea, au ni kamba mbovu ya Masasi. Badala yake alisimama mbele ya mabaharia na mtaa mzima. "Baba Somoe, kamba sikuiloweka. Niliinyunyizia."

"Uliniambia imelowa."

"Ililowa juu. Ndoo kumi, Baba Somoe! Nilifikiria watoto watakunywa nini."

Kisha serahangi akaanza kutikisika mabega, na kicheko kikamtoka. "Shemeji! Yaani umeifanyia bahari ubahili?" Mama Anjelina naye akaangua chake, na hapo hata Baba akashindwa kujizuia. Nakwambia, kicheko kile kilituokoa. Mtu aliyecheka na mwenzake hawezi tena kumwacha peke yake na kazi. Serahangi alivua sweta, akachukua wembe, akakaa chini kufumua kamba, na vijana wanne wakakaa naye. Kufikia alasiri kamba yote ilikuwa imelala kando, na tanga likiwa salama.

Yalibaki maji. Mama alichukua ndoo tupu akaanza na nyumba ya kwanza, na hakuzunguka maneno: "Nimekosea mimi. Naomba ndoo moja, nisipoipata Baharia wetu atakuwa si baharia tena." Mama Anjelina akamfuata akisema kwa sauti, "Uliona uchungu kulowesha kamba, sasa utailowesha Newala nzima!" Walicheka, na walitoa. Wa msikitini walitoa na wa kanisani walitoa. Yule bibi aliyefunika macho alitoka na birika. "Nangu sina ndoo," akasema, yaani mimi kwa Kimakonde chetu, "lakini birika langu nalo liende baharini." Pipa likajaa hadi mdomoni. Kamba ikazamishwa, ikalala humo mchana na usiku kama Baba alivyosema tangu mwanzo. Na kwa kuwa sisi ni watu wa Newala, yale maji meusi yaliyobaki hayakumwagwa ovyo. Kila aliyetoa alirudi na kopo lake, akayapeleka kwenye miche ya mikorosho.

Kuivuta ndiko kulikokuwa sherehe. Mabaharia waliifunga ncha moja kwenye mlingoti wa goli, wakavuta, goli likang'oka. Basi serahangi akatugawa, upande huu na upande ule, akina mama, walimu wa shule waliotoka mikoa ya mbali, waumini waliokuwa wanatoka kwenye swala ya adhuhuri, wavulana wa mpira, na mimi nikiwa nyuma ya mgongo mpana wa Mama Anjelina. Alipiga kelele moja fupi, nasi tukavuta; kelele nyingine, tukavuta tena. Kamba ilikamuka maji ikitudondokea miguuni. Kiganja changu kilichubuka, na nilikionyesha kwa Baba kama cheti. Akakiweka juu ya kitambaa chake, tukalinganisha. Ilipokauka ikiwa imefungwa kati ya mikorosho miwili, serahangi aliipima kwa hatua. Hata baada ya kuvutwa na mtaa mzima, ilikuwa imepungua hatua mbili na nusu. Ndizo hatua zilizokuwa zinaukunja ule ukingo.

Kuanzia hapo walishona watu saba kwa pamoja, Mama, Mama Anjelina, serahangi na vijana wanne, na sikusikia tena mtu akiuliza nani baharia na nani mke wa baharia. Aliyechoka alipokewa sindano. Jumatatu mchana wakaliogesha tena, safari hii ukingo wote, na kaya zilizotoa maji mara ya kwanza zikatoa tena bila kuombwa. Tulisubiri. Nahodha alivua viatu, akatembea peku juu ya kamba kutoka pembe hadi pembe, taratibu, akiisikiliza kwa nyayo. Ukingo ulilala chini umenyooka kama ulivyoshonwa. Alipofika mwisho alivaa viatu vyake na kusema, "Pakieni." Halafu akamgeukia Mama. "Na fundi naye apande lori. Mtu aone kazi yake."

Tulishuka mimi, Mama na Baba, na tanga nikilikalia. Mama Anjelina alikuwa na mtoto mgonjwa, hakuweza kuja. Lindi tulifika, na siku ya bamvua, alasiri maji yalipojaa, tukasimama ufukweni. Mama hakuwa amewahi kuiona bahari maishani mwake. Aliitazama kulia, akaitazama kushoto, akaitazama mpaka inapokutana na mbingu.

"Yote haya?" akasema. "Na mimi nimebania pipa."

Lakini kabla tanga halijapandishwa, palikuwa na desturi nyingine. Kila baharia aliyekubaliwa kwenye Mwanana alikuwa na fundo lake la uzi kwenye pembe ya chini ya tanga, na tanga likiwa jipya mafundo hufungwa upya, mmoja mmoja, kuanzia nahodha. Baba alifunga lake kwa meno na kidole gumba kimoja kilichokuwa kimepona, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu fundo la mtu halifungwi na mtu mwingine. Yakawa kumi na moja. Hapo nahodha akampa Mama sindano. Mama akafunga la kumi na mbili. Akaukata uzi, akatafakari kidogo, akauliza, "Na mwenzangu aliyebaki Newala?" Nahodha akawatazama watu wake, wakaitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza katika chombo kile fundo likafungwa kwa niaba. La kumi na tatu. Kisha wakavuta kwa pamoja, foromali ikapanda, tanga likafunguka kutoka juu kwenda chini, likajaa, na halikuwa na kunyanzi hata moja. Mwanana likajongea. Baba alikuwa ndani yake.

Alibaki baharia miaka mingi baada ya hapo. Leo ni mzee, yuko Newala, na mikono yake imebaki na mabaka meupe anayowaonyesha wajukuu. Jahazi lenyewe mbao zake zilichoka, likavunjwa. Vyombo vinavyoingia Lindi siku hizi vingi vina injini, na vyenye tanga mara nyingi huvaa turubai. Sitaki nikudanganye kwamba zamani ilikuwa bora kuliko sasa. Kwetu bomba linatoa maji siku kadhaa za juma, wasichana hawateremki tena bondeni alfajiri, na mimi mwenyewe nafundisha ushonaji Lisekese, kule Masasi, kwa sababu nilipata muda wa kusoma ambao Mama hakuupata. Lakini ninapoona turubai likipepea juu ya duka, huwa natazama pembe yake ya chini. Halina fundo la mtu yeyote.

Darasani kwangu, juu ya ubao, kimening'inia kipande cha kamba ya katani kilichobaki siku ile. Wanafunzi wapya huniuliza ni cha nini, nami huwapa kazi yao ya kwanza, kabla hawajagusa cherehani. Nakupa na wewe. Si ngumu, na hata ukikosea utarudia. Ukinunua kitambaa cha pamba au kamba ya katani, usikate siku hiyo. Iloweke kwenye maji mengi mchana na usiku, yaifunike kabisa. Itoe, ivute ukiwa na mwenzako, ianike ikiwa imevutwa mpaka ikauke. Ndipo upime, ukate, ushone.